Daktari wa Moyo na Mkewe Tuliyemshuku

Waombolezaji mlioketi na mliosimama, anayewasomea ni mdogo wa kike wa marehemu, kitinda mimba wa mama yao, mshonaji wa mapazia kwa kazi yake, na ukoo umemkabidhi aisome historia hii yenye karatasi mbili, ingawa ile ya pili aliiandika jana asubuhi, na hakuna aliyeonyeshwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1963, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi viatu na mfuaji wa mashuka ya hospitali, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na geti la nyuma la hospitali hiyo hiyo, na mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu alianza kushuku watu kabla hajaota meno, kwani hakukubali kubebwa na mgeni mpaka amkodolee macho kwanza, akiridhika ndipo anyamaze.

Alianza shule ya msingi Januari 1970, akamaliza mwaka 1976, akaenda sekondari ya bweni ambako wenzake walimbandika jina la Hakiki, kwa kuwa jibu la nyuma ya kitabu hakulikubali mpaka alifanye upya kwa mkono wake, na mara mbili alikuta kitabu ndicho kilichokosea, jambo ambalo hakuliacha lipoe hadi uzeeni. Mwaka 1984 alijiunga na chuo cha udaktari, akahitimu 1990, na baadaye, kuanzia 1998 hadi 2002, alisomea nje ya nchi upasuaji wa moyo.

Kazi aliifanya kwa miaka thelathini na minne, na mingi kati ya hiyo aliifanyia katika chumba namba tisa, orofa ya pili, mwisho wa korido, chenye dirisha lisilofunga sawasawa, na wote mliopita humo mnajua kwamba daktari huyu hakuamini kitu. Mashine hakuiamini mpaka sikio lake lithibitishe, mgonjwa aliyesema amemeza dawa zake aliambiwa aje na chupa zihesabiwe, na yule aliyejigamba kuwa hana shida yoyote alipandishwa ngazi ishirini na sita, daktari akiwa pembeni yake akimpigisha soga, maana alisema mtu anaweza kudanganya kwa mdomo, lakini pumzi haidanganyi katikati ya hadithi. Hata kwenye sherehe hakutulia, wenzake wakitazama keki yeye alitazama miguu ya watu kama imevimba, na kuna mpiga tarumbeta aliyetolewa jukwaani wimbo ukiwa haujaisha, akapelekwa moja kwa moja kitandani, akanuna wiki nzima, na leo yuko pale nyuma, mzima, mwenye wajukuu sita.

Tarehe 12 Agosti 1995 marehemu alifunga ndoa na mpimaji damu wa maabara, mwanamke asiye na maneno mengi, na inajulikana kwamba alimpendea kitu kimoja, kwamba mwanamke huyo alimrudishia sampuli mara mbili siku moja kwa kuwa hazikuwa na saini, daktari au si daktari. Walijaliwa watoto wawili, wa kike aliyezaliwa 1997, mwalimu wa hesabu, na wa kiume wa mwaka 2001, fundi umeme, na mjukuu mmoja ambaye naye haendi kwa wageni.

Hapa karatasi ya kwanza imekwisha.

Mnajua, na hakuna haja ya kufichana, kwamba mazishi haya yalikuwa yafanyike Jumamosi, na leo ni Jumanne, na siku hizo zote tatu minong'ono imezunguka kila benchi, lisemwalo lipo, na aliyeuwasha moto huo ni huyu huyu anayesoma. Kwa mwaka na nusu dada mtu alikuwa anamtazama wifi yake kwa jicho la pembeni, akaona kaka amehamishiwa chumba cha chini, geti linafungwa mchana, wageni wanaambiwa amepumzika, chakula kinapikwa bila chumvi, na chupa ndogo za vidonge zinafichwa kila mtu akiingia. Akajiambia kikulacho ki nguoni mwako. Siku moja alipoachwa peke yake sebuleni alitia chupa moja kwenye mkoba, akaipeleka kwa muuza dawa, na mzee yule akaisoma, akasema ni dawa halali ya moyo uliochoka, tena kipimo ni sahihi. Badala ya kutulia ndiyo kwanza shaka ikapanda, kwa sababu kwa akili ya mshona mapazia, daktari wa moyo hawezi kuugua moyo, kama mwenye ghala asivyoweza kulala na njaa, basi mkewe anamlisha dawa za wagonjwa, na muuza dawa naye huenda wanajuana.

Marehemu alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 14 Machi 2024, saa nne asubuhi, akiwa ameegemea mito mitatu, mkewe amemshika mkono. Siku ya pili dada mtu alisimama sebuleni mbele ya ukoo mzima akataka mwili uchunguzwe, akataka na funguo za nyumba, akamwita mjane kwa jina ambalo karatasi hii haitalirudia, na mjane alivua funguo shingoni akaziweka mezani, na hilo nalo likahesabiwa kuwa ushahidi.

Majibu ya uchunguzi yalitoka Jumapili, kwamba ni moyo wenyewe uliochoka, sumu hakuna, na pamoja nayo akaja daktari kijana, mwanafunzi wa marehemu, akiwa na jalada mkononi. Alieleza kwamba Jumatano tarehe 7 Septemba 2022, katika kikao ambacho madaktari hujadili wagonjwa wagumu, marehemu alileta picha za moyo bila jina, zimeandikwa tu mwanamume, miaka hamsini na tisa, fundi viatu, akawataka waseme wasimwonee mtu haya. Daktari huyo kijana ndiye aliyenyoosha mkono, akasema moyo huu umetanuka, kisu hakitausaidia, dawa zitamvuta mwaka, akibahatika miwili. Marehemu akamshukuru, akaandika, akaenda kwa mgonjwa aliyefuata. Picha zilikuwa zake. Mganga hajigangi, naye hakutaka marafiki wamtilie asali kwenye jibu, akaazima kazi ya baba yake apate ukweli.

Tangu wiki ile hakushika kisu tena, alisimama nyuma ya wanafunzi wake watatu akiwaelekeza, kwa kuwa bila wao chumba namba tisa kingefungwa, na alimwapisha mkewe asimwambie mtu, hata sisi, hasa sisi, kwa sababu alitujua, tungemjazia nyumba vilio na mashauri, na kazi isingeisha. Kazi iliisha. Mwanafunzi wa tatu alipasua peke yake tarehe 1 Machi, na mgonjwa ametembea. Mjane aliambiwa Jumapili hiyo kwamba kiapo kimekwisha pamoja na aliyemwapisha, anaweza kujitetea, akasema alichoahidi hakikuwa na tarehe ya mwisho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa orofa ya pili, majirani waliolivumilia geti lililofungwa, wafanyakazi wenzake wote, na muuza dawa, ambaye anaombwa radhi mbele ya kadamnasi. Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto wawili na mjukuu mmoja. Ameacha na dada aliyeurithi ushuku wake bila kuurithi uangalifu wake, kwani kaka alishuku ili mtu apone.

Funguo za nyumba ziko hapa mkononi mwa anayesoma, na akishuka hapa anakwenda kuzirudisha kwa mwenyewe, kwa magoti, mkiona.

Kaka, pumzika kwa amani, na wewe wifi, kuanzia leo pumzika kutokana na vinywa vyetu.