Mizeituni Yenye Vinundu

Tarehe 30 Septemba 1998 Bi. Sally Chepkurui anastaafu, baada ya kutumikia kituo chetu cha miti kwa miaka ishirini na tisa. Mzaliwa huyu wa Kapsoit aliajiriwa kama karani wa stoo, akasomea elimu ya wadudu akiwa tayari mama wa watoto wawili, na hatimaye akawa mkuu wa sehemu ya wadudu. Wachelewaji wanamjua vizuri. Chai yake ina sukari kupita kiasi.

Atakumbukwa hasa kwa mizeituni mwitu. Mwaka 1994 majani ya miti yetu ya mbegu yalijaa vinundu, kila kinundu na kidudu chake ndani. Kamati iliamua miti ikatwe. Bila mbegu zake kitalu kingefungwa, na wafanyakazi wake wangerudi nyumbani. Bi. Sally alipinga. Alieleza kwamba vinundu hivyo hutoa utomvu mtamu, sisimizi huufuata, nao hufukuza viwavi walao majani. Akapewa msimu mmoja athibitishe.

Alipaka girisi kwenye matawi kadhaa ili sisimizi wasipite, akayafunga utepe mwekundu. Viwavi wakayala yakabaki vijiti vitupu. Kumbe akina mama wa jikoni walikuwa wakijiandaa kwa harusi ya dereva wetu, Kipngetich. Kwa kuwa mkaa wa mti huo ndio hutumika kusafishia vibuyu vya mursik, maziwa ya mgando ya sherehe, waliona utepe wakadhani matawi yametengewa harusi. Wakayakata. Mursik ilinuka gereji, na wageni kutoka Kedowa waliinywa kwa heshima tu.

Kamati ilipofika, ushahidi ulikuwa umeshakuwa mkaa. Bi. Sally, ambaye sote tulitarajia angefoka, alimwomba mpishi, Mama Joan, aeleze lililotokea. Kwa aibu, Mama Joan alisema utepe haukuwashangaza, kwani matawi hayo ndiyo pekee yaliyokosa majani; mengine yote yalikuwa mabichi, yamejaa vinundu na sisimizi. Kamati ilicheka sana, kisha ikaenda kujionea miti yenyewe. Haikukatwa.

Wakati huo mimi nilikuwa kibarua wa kitalu, na nilikuwa nimeshaanza kuulizia kazi ya kuchuma chai. Bi. Sally, watoto wangu wako shuleni kwa sababu hukunyamaza. Asante, mama. Mungu akupe afya na siku nyingi za furaha nyumbani.

Muchiri, Kitalu