Mti Uliomwondoa Mama

Wapendwa, nawasalimu. Hapa kijijini Ziwa mmezoea kuniita Daktari, na jina hilo ndilo limenisimamisha mbele yenu leo.

Mimi si daktari wa sindano. Tulipopata Uhuru nilipelekwa ng'ambo kusomea utafiti wa dawa: unatoa kwenye mti kile kinachotibu, unakijaribu kwa panya kabla ya binadamu. Nikachagua mti ambao mama alituchemshia magome yake kwa supu ya mifupa tukishikwa na malaria. Aki ya Mungu, mama alifurahi! Wazee waliponunua shamba la mzungu lenye ule mti, kila mtu akifyeka sehemu yake, mama aliwazuia. "Huu hamkati. Ni wa masomo ya mtoto wangu."

Kule maabara panya wenye malaria walipona, nikashangilia. Halafu wakaanza kufa. Tukiwapasua, maini yameharibika. Nikatuma habari nyumbani, huo mti usiguswe kwanza. Mama akacheka. "Hao ni panya. Mimi nimelea watoto na huu mti."

Ikaja malaria yake. Dada yangu alimsihi waende hospitali ya misheni kule Plateau. Wapi! "Niende hospitali, na mtoto wangu ndiye daktari wa dawa hii?" Akanywa. Akazidi kunywa. Macho yakawa manjano. Nilifika ameshazikwa.

Ndugu zangu, nawaambia, nilivunjika. Nilishika shoka niukate, nikashindwa, nikakaa chini nikalia. Maabara nikaiacha. Nikawa mtu wa pombe, busaa asubuhi na jioni, na nyinyi mliniona.

Siku moja mama fulani, yuko hapa, simtaji, alinijia amebeba mtoto anawaka homa, gome la ule mti mkononi. "Daktari, nichemshe kiasi gani?" Nilimnyang'anya lile gome, tukakimbia hospitali. Mtoto akapona. Ndipo nikajua siwezi kukaa tu, na watu bado wanachemsha.

Sasa nafundisha chuo kikuu Nairobi, bado natafuta kutenganisha kinachoponya na kinachoua. Sijaweza. Pengine sitaweza.

Namshukuru dada yangu, aliyenipikia bila kunisimanga. Namshukuru yule mama. Nanyi, mtoto akishikwa na homa, hospitali kwanza. Na mtu akiwaambia Daktari wetu aliupima ule mti, mjibuni: ndiyo, aliupima, na ulimuua mama yake.