Simu Iliyobatizwa Baharini

Uvumi kwamba mchele hunyonya maji ya simu ulikuwa umemganda Yvette kichwani. Ndani ya teksi alikumbatia sufuria ya mchele. Jeancy, fundi simu wa mtaa wa Greyville aliyekaa pembeni yake, akauliza, “Mama, iko nini humo?”

“Simu. Jana nilibatizwa baharini, nikaisahau mfukoni mwa kanzu. Picha za marehemu mama ziko humo tu.”

“Mama Yvette ameokoka, na simu pia imeokoka!” muumini mwenzake aliyeketi kiti cha nyuma akacheka.

“Chumvi ya bahari haitolewi na mchele, inatafuna simu,” Jeancy akasema. “Hukuichaji?”

“Kidogo tu, nione kama itaamka.”

“Eish, mama!” Jeancy akasikitika.

Teksi ikasimama, fundi akaitoa simu mcheleni aende kuifungua; kama picha zitapona, hajui.

Basi wamama, simu ikiingia maji: msiiwashe, msiichaji, msiizike kwenye mchele, msiipashe moto, msikawie kwenda kwa fundi.