Ngozi ya Dawa

Benchi la kijiweni liko mkabala na geti la maabara ya dawa, na wanaolikalia wameshajihesabu nao ni wataalamu. Alasiri hiyo walikuwa watatu: Redio, fundi wa redio anayesema kuliko redio zenyewe, Kinyozi, mbishi wa kuzaliwa, na Soli, fundi viatu. Kahawa ya Soli ilikuwa imepoa mkononi. Mkewe ana kifafa. Tangu aanze dawa mpya alikaa miezi minne bila kuanguka, lakini wiki hii ameanguka mara mbili, na mara ya pili alijigonga kichwa. Soli hakuwa amewaambia wenzake.

— Hivi ile sumaku yao kule ndani ni ya nini hasa? aliuliza.

— Dawa ina chuma, alisema Redio. Sumaku inavuta chuma, inabaki dawa tupu.

— Chuma cha wapi? Kinyozi alidakia. Dada Sumaku, yule binti wa maabara, si alitueleza hapa hapa juma lililopita? Unga wa dawa wanautia kwenye kikopo kidogo kama punje ya mchele, wanauzungusha kwa kasi ndani ya sumaku, halafu wanausikiliza. Kila chembe ina ngozi yake, na ngozi ndiyo inayojibu.

— Basi dawa inatangaza. Ukiimeza, inaendelea kutangaza tumboni. Ndiyo maana mgonjwa anaota ndoto za ajabu.

— Na anayeota kwa lugha asiyoijua?

— Huyo kameza dawa ya nje.

Kinyozi alicheka. Soli alikuwa bado yuko kwenye neno moja.

— Alisema ngozi ikiwa ngumu, dawa haiyeyuki vizuri. Sivyo?

— Alisema.

Mara Dada Sumaku mwenyewe akatoka getini, kitambulisho shingoni, akaagiza kahawa.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu, alijibu Soli. Ile ngozi ya dawa, mimi nimeilainisha, lakini mke wangu bado anaanguka kifafa.

— Umeilainisha vipi?

— Kama ngozi yoyote. Nimevitoa vidonge kwenye karatasi zake, nikavifunga kwa kitambaa kibichi, nikavifunika koponi. Kiatu kikikakamaa ndivyo ninavyokifanyia, miaka thelathini sasa.

Binti aliweka kikombe chini.

— Mzee wangu, nilisema ngozi kwa kuwa sikupata neno jingine. Ni ule upande wa juu wa chembe. Unyevu ndio unaouharibu. Chembe zinajipanga upya, zinagandamana kama sukari iliyopata maji, na mwili haupati dawa yote. Hilo ndilo tunalolitafuta kwenye sumaku.

Soli alitazama viganja vyake, vyeusi kwa rangi ya viatu, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Alikuwa amefanya kazi nzuri, kwa uangalifu, kwa mapenzi, na kila kidonge alikuwa amempa mkewe kwa mkono wake mwenyewe.

— Una vingine ambavyo hujavigusa? binti aliuliza taratibu.

— Pakiti moja.

— Hivyo vya koponi asivimeze tena. Mpeleke kwa daktari leo hii, na umweleze yote bila kuficha.

— Nitamweleza.

— Na sasa hivi mama yuko na nani?

Kinyozi akamtazama Redio. Redio akamtazama Soli. Soli alikuwa amemwacha peke yake. Aliinuka, na yeye ambaye pale kijiweni hawakuwahi kumwona akikimbia, akakimbia.