Heshel Perlov na Sehemu ya Tatu ya Wimbo wa Babu

Marehemu kaka yangu, Heshel Perlov, alizaliwa tarehe 3 Mei 1951 hapa Flatbush, Brooklyn, mtoto wa kwanza wa Mendel na Chaya Perlov. Mimi Feivel ndiye niliyemfuata.

Alisoma yeshiva, shule ya dini ya Kiyahudi, ya mtaani hadi 1969, lakini shule aliyoipenda ilikuwa meza ya Babu. Babu alikuja kutoka Hungaria na wimbo usio na maneno, wenye sehemu tatu, na aliuimba siku ya Sabato tu, baada ya samaki. Siku hiyo, kwa sheria yetu Wayahudi, haturekodi wala hatuandiki. Heshel alijitahidi kuushika kichwani mpaka nyota tatu zitoke na Sabato iishe, akimbilie tepu rekoda. Kila mara sehemu ya tatu ilikuwa imeshamponyoka.

"Babu, niimbie leo Jumatatu!"

"Wewe nawe! Huo wa Sabato. Jumatatu haunijii."

Babu akafariki mwaka 1967.

Mwaka 1974 Heshel alianzisha bendi ya roki, Mishumaa Miwili, na mpiga dramu Zalmen Krasner. Gitaa alijifunza kwenye santuri za bluzi alizoazimwa na jirani yetu, Bwana Lester. Kuimba alijifunza sinagogi. Alisema kilio ni kilekile. Wimbo wa Babu waliupiga kila harusi, na baada ya sehemu ya pili Heshel alinyamaza ghafla, wachezaji wakabaki mguu juu. Watu walidhani ni mbwembwe.

"Heshi, ya tatu umeiacha kwenye supu?" Zalmen alimtania. Kaka hakucheka. Hata alipomwoa Gitel Weiss, tarehe 17 Juni 1979, muziki ulikatika palepale.

Machi mwaka huu aligundulika na saratani ya kongosho. Sabato iliyopita, tarehe 9 Novemba 2019, nilikuwa naye hospitalini tangu jana yake. Saa sita mchana alifumbua macho akaimba sehemu zote tatu.

"Feivel, umeisikia?"

"Nimeisikia, kaka."

"Basi usiidondoshe."

Niliiimba kimoyomoyo kwenye korido hadi jioni, nikikataa kusemeshwa na mtu. Nyota zilipotoka nilirudi kumwimbia, lakini alikuwa hasikii tena. Alifariki Jumapili, saa tatu asubuhi. Nimemkosa mno.

Ameacha mjane Gitel, mabinti Rivky na Shaindy, wajukuu saba, mimi, na Zalmen wake. Apumzike sasa, maana ametafuta sana.

Zalmen, wewe na bendi sehemu mbili mnazijua. Anzeni. Mkifika pale alipokuwa akinyamaza, niachieni mimi.