Elias Tuscano, Mtu wa Kitufe cha Matangazo

Baba Paroko, Shangazi Emeliana, ndugu zangu, majirani wa Bhuigaon, na nyinyi mliotoka Mumbai kwa treni ya asubuhi kuja kumsindikiza, mimi ni Benedikt, mdogo wake marehemu wa kumfuata, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu Elias Tuscano, jinsi tulivyoyaona sisi tulioishi naye na jinsi yeye mwenyewe alivyotusimulia.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 11 Machi 1951 hapa hapa Bhuigaon, katika wilaya ya Vasai, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Paskal Tuscano, mkulima wa tambuu na ndizi, na mama yetu Natalina, na tangu alipojua kusema alikuwa mtu wa kuuliza, hata marehemu baba akawa akisema, "Huyu mtoto mkimpa chapati atauliza ngano ilipandwa na nani." Alisoma katika shule ya parokia kuanzia mwaka 1957 hadi 1968, hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, lakini ndiye aliyeifungua redio ya padri aone sauti inakaa wapi, akachapwa, kisha akairudishia vyuma vyake ikaimba kuliko mwanzo.

Baada ya shule alijifunza ufundi wa redio mjini Mumbai, ambayo enzi hizo ilikuwa Bombay, akafanya kazi katika duka la matengenezo pale Dadar, na mwezi Septemba 1973 akaajiriwa na televisheni ya taifa kama fundi wa mitambo. Huko ndiko alikokutana na kriketi ya kwenye picha. Siku zile mechi ilionyeshwa kama inavyosomwa Injili, mtu hakatizi, mpira wa sita wa mrushaji ukiisha kamera inabaki uwanjani inaangalia kunguru na mzee anayemenya chungwa jukwaani, mpaka mrushaji mwingine aanze kurusha mipira yake sita, ile tunayoita ova. Elias alikuwa akisema kwamba alijifunza mengi kuhusu binadamu kutokana na yule mzee wa chungwa.

Tarehe 27 Aprili 1980 alifunga ndoa na Rozalin D'Mello wa Nirmal, aliyeketi hapa mbele, na Mungu akawajalia mabinti wawili, Jasinta mwaka 1982 na Melba mwaka 1985.

Mwaka 1996, wakati vituo vya binafsi vilipokuwa vikigombea kriketi, kaka aliacha kazi ya serikali akajiunga na kituo kimoja kipya, kwa mshahara mara tatu ya ule wa zamani, na kazi aliyopewa ilikuwa ya kukaa ndani ya gari la mitambo nje ya uwanja, kidole chake kikiwa juu ya kitufe kimoja, mpira wa sita ukiisha abonyeze nchi nzima ione matangazo, na kabla mrushaji mpya hajaanza kukimbia abonyeze tena irudi uwanjani. Mimi nilimwuliza kama haimchoshi, akaniambia, "Beni, hujui tu, ile nafasi ni kama mlango, na mimi nataka kujua una upana gani." Akanunua saa ya kuhesabia sekunde, akaanza kupima, nani anatembea polepole, nani anafunga kamba za viatu, nahodha yupi hupanga watu wake kwa maneno mengi, akagundua kwamba warushaji wa kasi humpa sekunde arobaini na tano, lakini wale wa mpira wa kuzunguka, wenye hatua tatu tu, hawafikishi hata thelathini na tano.

Mkuu wa mauzo alikuwa Bwana Mehrotra, mtu mcheshi asiyejua kukaa, naye alitaka matangazo manne ya sekunde kumi kumi badala ya matatu.

Kaka akamwambia, "Bwana Mehrotra, hayaingii. Akirusha mtu wa hatua tatu tutakula mpira."

"Mpira mmoja! Tutaurudia, wataona polepole, hata vizuri zaidi."

"Na anayetaka kuuona unapotokea?"

"Elias, watu wananunua sabuni, hawanunui mpira. Wewe bonyeza."

Na kaka akabonyeza, hilo hakulificha kamwe, na mimi silifichi leo.

Jumamosi tarehe 14 Novemba 1998, kule Nagpur, Valerian Lopes, mtoto wa Shangazi Emeliana, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliitwa kuichezea nchi kwa mara ya kwanza, na hakuna nyumba ya Bhuigaon iliyopika mchana ule, televisheni ilitolewa nje katika uwanja wa kanisa, Shangazi akawekewa kiti cha mbele kabisa. Valerian ni mrushaji wa mpira wa kuzunguka, mwenye hatua tatu. Nahodha alimpa mpira mwanzoni mwa ova ya kumi na nne, tangazo la nne likaingia, la sabuni, yule mwanamke anajipaka povu na kuimba, na kaka ndani ya gari anaona kwenye kioo kingine Valerian ameshageuka, anakwenda, amerusha, na mkono wa kaka hauruhusiwi kukata tangazo lililolipiwa. Picha iliporudi, wachezaji walikuwa wamembeba Valerian juu. Mpira wake wa kwanza ulikuwa umemtoa mpigaji, na kijiji kizima kilikuwa kimeona povu.

Nilikuwepo uwanjani hapa. Shangazi alishika mkono wangu, akauliza, "Amefanya nini? Mbona wamembeba, ameumia?" Mwenye redio nyuma ndiye aliyempigia kelele kwamba mwanawe ametoa mtu.

Jumapili ya tarehe 22, baada ya misa, kaka alikwenda kwa Shangazi, akakataa kukaa, akamweleza kila kitu, kwamba kidole kilikuwa chake. Shangazi, nisamehe nikiyasema mbele ya watu, lakini ndivyo ulivyomjibu:

"Kaa chini bwana, unaniumiza shingo. Marudio nimeyaona mara kumi, Elias. Lakini nilikuwa nimeshaambiwa. Nilimzaa mwenyewe, nikamwosha mwenyewe, siku yake moja nikaambiwa na mtu wa redio."

Kaka akakaa.

"Na ile sabuni," Shangazi akaendelea, "nimeinunua, nilitaka nione. Povu lenyewe hakuna. Nenda kawaulize wenyewe."

Wengi wangecheka wakaondoka, kaka yeye akaenda kuuliza kweli. Alipanga foleni siku tatu katika ofisi za wenye sabuni mpaka akamwona mkubwa wao, akamwekea mezani vipimo vya ova elfu moja na arobaini, akamwuliza swali moja tu, "Bwana, unajua kwamba mama yake mrushaji alikuwa anakuangalia wewe?" Yule bwana hakujua. Kumbe wanaolipia nafasi hawakuwahi kuelezwa nafasi hiyo inakatwa kutoka wapi, na wiki ile ile wakaandika kwamba hawataki tena kuwa tangazo la nne.

Bwana Mehrotra aliwaka. "Wewe ni mtu wa kitufe au mtu wa sokoni?" Kaka akamjibu, "Bwana, mimi nilikuwa nauliza tu," na kwa kuuliza huko akaondolewa kwenye gari, akapelekwa stoo ya nyaya kwa miezi kumi na minne. Rozalin ndiye ajuaye miezi ile ilivyokuwa, jinsi alivyokuwa akirudi na kukaa hapo barazani bila kuuliza swali hata moja, na hilo ndilo lililomtisha mkewe.

Mwezi Februari 2000, baada ya watazamaji kulalamika sana katika magazeti, meneja mpya alimrudisha, akampa karatasi yenye sahihi isemayo kwamba matangazo ni matatu, na mwenye kidole ndiye mwenye neno la mwisho. Kuanzia siku hiyo hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2011, hakuna mpira uliopotea mkononi mwake. Wenye biashara nao hawakulala, majina yao yakaingia kwenye nyasi, kwenye vijiti anavyovilinda mpigaji, kwenye mabega ya wachezaji na kwenye pembe za picha, naye akacheka akasema, "Nimefunga mlango, wameingia dirishani." Hakuichukia biashara hiyo, Jasinta alipoisema vibaya alimwambia, "Polepole, mama, ada yako ya chuo ilitoka kwenye povu lile."

Valerian aliichezea nchi mechi mbili tu, bega likamsaliti, leo anafundisha vijana hapa Vasai, na yumo kati ya sita watakaombeba kaka.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Juni 2016, akawa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na alifariki Jumamosi tarehe 9 Februari 2019, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, ameacha mjane, mabinti wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari waliomhudumia, waliokuwa wavumilivu kwa maswali yake yote, wafanyakazi wenzake, majirani waliotuletea chakula bila kubisha hodi, na Baba Paroko kwa sakramenti ya mwisho. Kwa namna ya pekee tunamshukuru muuguzi Sista Lisama. Asubuhi ile alimwuliza kama ana haja yoyote, tukadhani ataomba maji, naye akasema, "Niambie, wewe mshipa unaupataje mara moja, wakati wenzako wananitoboa mara tatu?" Sista akakaa kitandani, akakishika kidole cha kaka, akakiweka juu ya mkono wa kaka mwenyewe, akamwonyesha kwamba mshipa hautafutwi kwa macho, unasikilizwa. Kaka akausikia, akasema, "Aa, kumbe." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho.

Nenda kwa amani, Elias, na huko uendako upumzike.