Profesa Ndiye Yupi?

Benchi lenyewe ni ubao juu ya matofali. Mbele yake pana birika la Mama Kahawa, na nyuma mtaro unaoteremka moja kwa moja mpaka shuleni. Hapo ndipo Profesa, fundi saa, huiendesha dunia kila alasiri. Uprofesa hakupewa na chuo, alipewa na benchi, maana husoma hata gazeti lililofungiwa misumari. Kila mtu pale huandika jina kwenye kikombe chake cha karatasi, kwa kalamu isiyofutika hata kwa sabuni, tangu kinyozi aliponywea kikombe cha Tairi, mziba pancha, wakanuniana mwezi mzima. Jina la Profesa ndilo kubwa kuliko yote, na hulipigia mstari chini. Ukishamaliza unatupa nyuma bila kugeuka. Ndiyo desturi.

Siku hiyo, mvua ya mchana ilipokatika, Profesa alifika na koti alilovaa kwenye harusi ya mwanawe. Shule ilikuwa imeanzisha somo jipya la uraia wa dunia na utunzaji wa mazingira, na mwalimu angepita mtaani kutafuta mzee wa kuzungumza na darasa la tano. Mjukuu wa Profesa yumo darasa hilo hilo. Babu alishamwapia kuwa mzee huyo ni yeye, na mtoto akawatangazia wenzake wote. Sasa kurudi nyuma ni aibu ya watu wawili.

Kinyozi hakulipenda somo. Watoto wakiwa raia wa dunia, alisema, mipaka itafutwa, na mama mkwe wake yuko ng'ambo ya mpaka.

— Huo mpaka ndio unaoishikilia ndoa yangu. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Hakuna aliyeelewa uchi umeingiaje, lakini wote waliitikia kwa kichwa.

Tairi akadai anazo habari za ndani kabisa. Raia wa dunia watapimiwa pumzi, kila nyumba itafungwa mita mlangoni, na wanaokoroma watakatiwa hewa. Mama Kahawa akasema basi Tairi atakuwa wa kwanza kukatiwa. Hakuna aliyethubutu kumwuliza mama huyo amejuaje.

Profesa akawanyamazisha kwa kiganja. Barafu ya dunia inayeyuka, alieleza, kwa sababu matajiri wa mbali huacha friji wazi. Watoto waandike barua moja tu, friji zifungwe, bahari irudi mahali pake. Hotuba nzima alikuwa nayo mfukoni, kurasa nne.

— Na hapa mtaani je, kaka? Mama Kahawa aliuliza.

— Hapa pana nini, dada yangu? Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo maana mimi sishughuliki na vya haba.

Akamaliza kahawa, akakirusha kikombe nyuma, akaandika jina kwenye kingine.

Hata hajakimaliza hicho cha pili, akatokea mwanamke kijana, viatu mkononi, sketi imelowa mpaka magotini, amebeba ndoo.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu.

— Mimi ndiye mwalimu wa lile somo jipya.

Profesa akafunga kifungo cha koti, akasimama.

Mwalimu akaeleza kwamba mchana ule mtaro uliziba na darasa la tano likajaa maji. Watoto walizibua kwa mikono yao, na kilichotoka ni hiki. Akainamisha ndoo. Kikombe cha kinyozi kimo, vya Tairi vimo, lakini vilivyojaa vilikuwa na jina moja, limepigiwa mstari chini.

— Wamekubaliana kuwa huyu ndiye aje kuzungumza nao. Yuko mtoto mmoja ameutambua mwandiko, ila ameinamia dawati, hataki kututajia. Profesa ndiye yupi?

Kinyozi alijitazama kucha. Tairi akakohoa. Mama Kahawa, ambaye mdomo wake haujawahi kwenda likizo, akainama kupuliza makaa.

Profesa alibaki amesimama, kidole gumba kimeliziba jina kwenye kikombe. Akaimalizia kahawa kwa funda moja. Mkono ukaenda nyuma kwa mazoea, ukaishia kiunoni, ukarudi kupapasa koti. Mfuko usiotoboka ulikuwa mmoja tu, na umejaa hotuba.